Sapoti ya mkono yenye chuma: nimelala nayo miezi miwili

Mimi ni msusi hapa Sinza, mwaka wa 13 sasa nasuka rasta. Mwaka jana nilianza kuamka saa nane usiku, mkono wa kulia umekufa ganzi: dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Naukung'uta pembeni mwa kitanda mpaka unarudi, nalala, saa tisa unaniamsha tena. Asubuhi kikombe kinaniponyoka. Mama mkwe alisema ni baridi ya mifupa, akawa ananikanda kwa mafuta ya mnyonyo. Alinikanda kwa upendo, lakini ganzi haikuondoka.

Mtaalamu wa mazoezi tiba alinikunjisha viganja viangalie chini; dakika haikuisha, ganzi ikaja. Akauliza, "Kidole cha mwisho nacho, dada?" Nikamwambia hicho kizima kabisa. Akanieleza kuwa kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono, unahudumia dole gumba mpaka nusu ya kidole cha pete. Njia ikibana, mshipa unaminywa. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine. Wenyewe wanauita ugonjwa wa kapali taneli. Akaniagiza nipime na sukari, kwa sababu wenye kisukari unawapata zaidi. Sukari ilikuwa sawa.

Sapoti niliinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000. Ni nyeusi, ina mikanda mitatu ya kunata, na upande wa kiganja kuna mfuko wenye kipande cha chuma. Wiki ya kwanza sikuona nafuu hata kidogo, nikajua nimetupa hela. Nikairudisha kwa mtaalamu, akachomoa chuma na kunionyesha: kimetoka dukani kimepinda, kinainua kiganja juu. Mkono ukikunjwa juu au chini, mle ndani panabana vilevile, na usiku unatakiwa ulale umenyooka. Akakinyoosha kwenye ukingo wa meza, akakirudisha. Karatasi ya maelezo haina neno hata moja juu ya hilo, na ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye kifaa hiki. Baada ya hapo, wiki ya tatu nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Kasoro zipo. Joto la Dar na kitambaa kile havipatani: mkono unatoka jasho, na baada ya siku nne inanuka, lazima uchomoe chuma uifue. Mikanda inashika chandarua; changu kimeshachanika mara mbili. Muuzaji alinipa saizi ya kati bila kunipima, ikawa inanikaba, nikarudi kubadilisha. Mchana kazini usiivae. Nilijaribu kusuka nayo, vidole vikawa vinapigana na chuma, jioni bega zima linauma.

Tena sapoti peke yake isingetosha. Kila nikimaliza mstari kichwani nanyoosha vidole, navikunja kama ndoano, kisha nafumba ngumi, mara tano, polepole, bila kulazimisha. Mteja sasa anakaa kigoda kifupi ili mikono yangu isijikunje nikisuka kisogo. Nywele ndogo ndogo, zile zinazochukua saa nane kusuka, nachukua vichwa viwili tu kwa wiki, hela imepungua na nimekubali. Wasusi wenzangu, kama ganzi haitoki hata mchana, au nyama ya chini ya dole gumba imeanza kubonyea, msikae na sapoti nyumbani. Nendeni kwa daktari mapema, kuna sindano na kuna upasuaji, na mshipa ukiumia sana haurudi wote.

Juzi nimenunua ya pili, ili moja ikiwa kambani nyingine iwe mkononi. Safari hii nilikwenda na futi yangu, nikapima kifundo kabla ya kulipa, na chuma nikakinyoosha palepale kaunta.