Walilipaka rangi trekta langu, kisha wakaniambia nilipeleke kwenye chuma chakavu

Sina kawaida ya kuwasema mafundi hadharani, maana fundi unayemsema leo ndiye utakayempigia simu kesho trekta likiwa limezama kwenye tope. Hawa nawasema. Ni karakana moja hapa Karatu, ina geti, ina mlinzi, risiti zao zinachapwa kwa mashine. Jina lao nawaachia wenyewe.

Nianze na haki yao: rangi waliyopaka ni nzuri. Nyekundu imekaa vizuri, rimu zimeng'aa, watu wa barabarani walidhani nimenunua trekta jipya. Lilipotoka pale, dereva wangu alikuwa analiendesha amenyoosha mgongo kama askari wa gwaride. Ningeandika siku ile ile nilipolichukua, hapa mngesoma sifa tupu.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 240, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Mambo ya nguvu za farasi na uzito sina haja nayo, wenye nayo wanayajua. Nililipeleka baada ya kulima kwa masika, lipakwe rangi na kufanyiwa sevisi, ili msimu wa kupukuchua mahindi ukifika liwe tayari. Huku kwetu mahindi yanapukuchuliwa wakati wa baridi. Asiyewahi kulala Karatu mwezi wa saba asinibishie kuhusu baridi. Asubuhi ukishika chuma mkono unarudi wenyewe.

Sasa baridi ikaingia, na trekta langu jipya la rangi likagoma kuwaka.

Sikilizeni lilivyokuwa linagoma, maana ugomvi wangu wote uko hapo. Asubuhi unapiga stata, injini inazunguka kwa uvivu, ekzosi inatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, lakini haishiki. Ukiendelea, betri inakata. Ukilivuta kwa trekta la jirani, au ukiliachia kwenye mteremko, linashika, linatetemeka kidogo, kisha linatulia. Likishapata moto, habari imeisha. Unalizima saa sita watu wale ugali, unaliwasha kwa kugusa tu ufunguo. Mchana kutwa halina neno. Kesho alfajiri, yale yale. Tukaanza kulilaza kwenye kilima kila jioni, na jirani akaanza kunikwepa.

Nikawaita walewale waliolifanyia sevisi. Akaja fundi wao mkuu, kijana wa makamo, njiti mdomoni, hata shikamoo hakutoa. Sawa, tuache shikamoo. Akamwambia dereva apige stata mara moja. Akasikiliza. Akasema, "Pampu ya dizeli imekufa hiyo."

Nikamwambia, fundi, ngoja kwanza, hili linasumbua asubuhi tu, likishapata moto halisumbui. Akanitazama, akasema, "Mzee wangu, fundi ni wewe au ni mimi?" Halafu, mbele ya dereva wangu na mbele ya akina mama waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao wakisubiri kupukuchuliwa, akaongeza: "Hii trekta imechoka. Ungekuwa baba yangu mzazi ningekushauri uipeleke kwenye chuma chakavu."

Wamelipaka rangi wao. Pesa ya rangi wameila wao. Na walipokuwa wanaila hawakuona kwamba ni chuma chakavu.

Kwa sababu nilikuwa na watu wanangoja na wengine nimeshachukua advansi zao, nilikubali pampu ifunguliwe. Ikashushwa, ikapelekwa Arusha kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na nozeli zote tatu, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, pamoja nayo. Laki nne na ushee, bado laki ya kazi ya kufungua na kufunga. Msimu nao hausimami kukusubiri. Mwenye trekta la jirani alipukuchua mahindi ya wateja wangu huku mimi nahesabu magari ya watalii yanayopanda kwenda Ngorongoro.

Pampu ikarudi, ikafungwa, hewa ikatolewa kwenye filta na kwenye pampu, mchana ule likawaka vizuri. Jamaa akanipa mkono. Asubuhi yake? Moshi mweupe. Uvivu ule ule.

Akarudi. Safari hii akachovya tambara kwenye petroli, akaliweka kwenye mdomo wa kuvutia hewa, akamwambia dereva apige. Likashika kwa kishindo, injini ikagonga kama inapasuka, akina mama wakaruka. Hapo akatoa hukumu yake ya pili: ringi za pistoni zimekwisha, kompresheni hakuna, yaani injini haibani hewa tena, ishushwe ifanyiwe ovaholi. Akataja bei. Sitaiandika hapa, nitapandwa tena na presha.

Mimi si fundi, na hilo nimeshaambiwa. Lakini injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, dizeli ikinyunyizwa humo inaungua yenyewe. Injini ikizunguka polepole na chuma ni cha baridi, joto halifiki. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata maana yake dizeli imefika kwenye silinda, ila imetoka bila kuungua. Kama ekzosi haitoi moshi wa aina yoyote, hapo ndipo uanze kutafuta kwenye tangi, filta na pampu. Langu lilikuwa linatoa moshi mpaka kuku wanakimbia. Na pampu ya kuzunguka kama ile ikichakaa, mara nyingi ugonjwa wake ni wa kinyume kabisa: asubuhi inawasha, mchana ikishapata moto dizeli inakuwa nyepesi, inavuja humo ndani, trekta linagoma kuwaka mpaka lipoe. Kwa hiyo swali la "linasumbua saa ngapi" lilikuwa lijibu jambo lote kabla spana haijashikwa. Nilimpa jibu bila kuulizwa. Akanijibu kwa habari za chuma chakavu.

Aliyenitoa ni mzee mmoja anayekaa upande wa Oldeani. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, enzi za NAFCO, lile shirika la umma la kilimo, na msaada wa Wakanada, na matrekta ya kule hayakuwa moja wala mawili. Nilimwamkia, nikamweleza. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, linakusumbua likiwa baridi au likiwa la moto?"

Nilitaka kumkumbatia.

Hakuja na boksi la spana. Kwanza akaangalia kipini cha kuzimia kama kinarudi mpaka mwisho, kwa sababu kikibaki kimevutika hata kidogo, dizeli inabanwa. Kinarudi. Akasema dereva apige stata kidogo, kisha akashika vichwa vya nyaya za betri kimoja baada ya kingine kwa kiganja. Wa chanya, baridi. Wa hasi, pale betri, baridi. Akaufuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye mwili wa trekta, akaondoa mkono haraka. "Hapa pana moto," akasema. Umeme ukikosa njia unageuka joto palepale ulipozuiwa.

Akaomba waya wa kujampia. Kichwa kimoja akakibana kwenye hasi ya betri, kingine kwenye mwili wa stata wenyewe. Dereva akapiga. Jamani, injini ilizunguka kama trekta la mtu mwingine! Betri ile ile, stata ile ile, zile ringi zilizokwisha.

Tukafungua ile bolti. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na rangi. Nyekundu, nzuri, imekaa vizuri. Wale mabwana walifungua waya, wakapaka rangi mpaka pale chuma kinapotakiwa kugusana na chuma, wakafunga waya juu ya rangi. Umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye mikwaruzo ya bolti.

Mzee hakuishia hapo. Trekta hizi zina hita ndogo imechomekwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa: ukishikilia ufunguo kwenye nafasi ya kupasha moto, waya wa ndani unaiva, unawasha tone la dizeli, hewa inaingia ikiwa ya moto. Kwa Karatu hicho si kitu cha pambo. Dereva wangu alikuwa anashikilia ufunguo kila asubuhi, anahesabu kimoyomoyo, ndipo anapiga. Mzee akaingiza mkono nyuma, akatoa waya wa hita unaning'inia, kichwa chake kimeviringishwa ule utepe wa karatasi wenye gundi wanaotumia wapaka rangi. Waliuchomoa ili wapake, hawakuurudisha. Miezi yote hiyo dereva wangu alikuwa anapasha moto hewa kwa imani.

Hapo nikakumbuka lile tambara la petroli. Mvuke wa petroli ungekuta hita inawaka mle kwenye manifoldi, moto ungerudi usoni mwa yule yule fundi. Kilichomwokoa ni uzembe wa karakana yake. Na petroli hata bila hita inaungua kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda; ndiyo ile kugonga tuliyoisikia, ndiyo inayovunja ringi ambazo baadaye anakuja kukuuzia.

Msasa wa buku tukasugua rangi, tukapaka grisi kidogo, tukafunga. Waya wa hita ukarudi mahali pake. Alfajiri iliyofuata, kwenye baridi ya kawaida ya huku, dereva alipasha, akapiga, likashika kabla sijamaliza kufunga vifungo vya koti.

Nikaenda karakana na kile kipande cha utepe mfukoni. Fundi mkuu hakuwepo, au alikuwepo hakutaka kutoka. Bosi wao alinikaribisha kiti, akaniagizia soda, akasema, "Hicho kilikuwa kitu kidogo tu, mzee wangu." Kitu kidogo! Soda niliinywa, kwa kuwa nilikuwa na kiu.

Sasa niseme ukweli wote, hata unaoniuma. Nozeli moja kati ya tatu ilikuwa inachuruzika badala ya kunyunyiza. Fundi pampu wa Arusha alinitumia video, nikaona mwenyewe. Na tangu pampu irudi, trekta likivuta trela lenye mzigo kupanda kilima halitoi moshi mweusi kama zamani, na dizeli naona inakaa zaidi. Kwa hiyo siwezi kusema laki nne zote zilikwenda na maji. Kazi ya pampu ilifanyika. Wasafi wa mikono wapo pale, na yule kijana mpaka rangi ana kipaji, tatizo hakuna aliyemwambia umeme unapita wapi. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema watu wasikanyage pale kabisa. Nimepoa kidogo.

Halafu namkumbuka yule na njiti yake, na akina mama wale wakicheka chinichini juu ya magunia, napanda tena. Mtu hajauliza swali, hajagusa waya, anamwambia mwenzake alitupe trekta linalomlishia watoto.

Basi iwe hivi. Rangi, nendeni, lakini nyaya zifungueni wenyewe nyumbani na mkazifunge wenyewe. Pampu ikinisumbua siku moja, nitaishusha mwenyewe nipande nayo basi la Arusha kwa fundi pampu moja kwa moja. Trekta langu geti lile haliingii tena. Na ile laki ya kazi bado naidai, risiti ninayo, ile ya kuchapwa.