Mashine ya kurudi nyuma katika wakati: nimeitumia, nimeifungua, nimeipima

Kisanduku chenyewe ni cheusi, cha plastiki, kinaenea kwenye boksi la viatu. Mbele kina nobu sita, taa nyekundu, swichi moja na kibamba laini cha kusugua kwa kidole. Ubavuni kuna tundu la kuchomeka koili nene kama bangili ya kimasai iliyovimba. Binamu yangu aliyeko Houston alikinunua kwa mtu kwa dola 300 na ushee, karibu laki nane za hapa, akanitumia pamoja na mizigo mingine, maana mimi ni fundi redio na anajua nisingelala kabla ya kukifungua. Jina la mtengenezaji silitaji. Vya aina hii vimeuzwa Marekani kwa njia ya posta miaka mingi, na vinafanana kama mapacha.

Kijitabu chake hakina utani. Unaandika tarehe unayotaka kwenda kwenye kipande cha karatasi, unakitia kwenye kikombe kidogo cha bati juu ya kisanduku. Unazungusha nobu ya kwanza polepole huku kidole cha mkono wa pili kikisugua kibamba. Kidole kikinata, hiyo ndiyo namba yako, hamia nobu ya pili. Ukimaliza zote sita unawasha, unaweka koili tumboni, unalala chali, unafumba macho. Mahali pawe na "nguvu za ardhi". Mwezi uwe mpevu. Moyo usiwe na shaka. Na mwili usipoondoka, kijitabu kinakuliwaza kwamba roho huenda ikaondoka peke yake.

Kabla ya yote, umeme. Plagi ni ya Kimarekani, volti 120. Ukikichomeka kwenye 230 ya kwetu bila stepudauni ya kushusha volti, kitakachosafiri ni moshi.

Sasa hicho kibamba. Dar ya mwezi Machi kidole kinanata kwenye kila namba, hata kabla hujagusa nobu. Ni jasho tu. Nilipowasha kiyoyozi na kusubiri chumba kipoe, kunata kukapungua. Nilipopaka poda ya mtoto kwenye ncha ya kidole, kukaisha kabisa: nobu zote zikazunguka mwanzo hadi mwisho bila dalili yoyote. Nikamwita kijana wangu wa dukani, nikamwambia azungushe nobu mimi nikiwa nimegeukia ukutani, kidole kikisugua. Pale nilipohisi kimenata, nusu ya mara alikuwa hajazungusha chochote, amesimama ananiangalia. Kwa hiyo kinachochagua namba ni kidole chako, hali ya hewa, na hamu uliyo nayo ya kuipata.

Kulala na koili nako nimelala. Nilisikia joto tumboni, mvumo mdogo kama wa transfoma ya zamani, na baada ya muda kichwa kikawa chepesi. Mtu yeyote anayelala chali mchana amefumba macho, akisubiri jambo litokee, atasikia kichwa chepesi. Nilipofumbua macho, saa ya ukutani na ya simu zilikuwa zimeenda sawasawa.

Ndipo nikachukua bisibisi. Skrubu nne zimefichwa chini ya stika inayokataza kufungua. Ndani kuna transfoma ndogo na kibao cha saketi cha ukubwa wa kiberiti chenye aisi ya 555, chipu ya kutoa mapigo ya umeme. Fundi yeyote anaijua hiyo, ndiyo mama wa taa za kuwakawaka. Pembeni ipo transista moja inayopeleka mapigo kwenye koili, na kapasita chache. Hiyo sehemu inafanya kazi yake vizuri, na lehemu imepigwa kwa mkono uliotulia. Nikaweka dira karibu na koili: sindano ikachezacheza. Nikaisogeza mbali kidogo ikatulia. Sumaku ya nyuma ya spika ya kawaida ingeivuta zaidi ya hapo.

Kilichonifanya nikae chini ni zile nobu. Niliweka mita na kufuata waya kwa waya. Nobu ya kwanza imeunganishwa na ya pili, ya pili na ya tatu, hadi ya sita, halafu waya unaingia chini ya kibamba na kufia hapo, umegundishwa kwenye plastiki. Hakuna waya hata mmoja unaotoka kwenye nobu kwenda kwenye kibao cha saketi au koili. Tarehe uliyoihangaikia kwa jasho haifiki popote. Uweke mwaka 1961 au 2090, koili inapiga mapigo yaleyale, na karatasi iliyo kwenye kikombe haigusani na kitu.

Ujanja huu ni wa kale. Mwanzoni mwa karne iliyopita huko San Francisco alikuwepo daktari aitwaye Albert Abrams, aliyedai kupima na kutibu maradhi kwa masanduku yenye nobu za namna hii. Alikuwa akiyakodisha yakiwa yamefungwa, na aliyekodi alitia saini kwamba hatayafungua. Daktari mmoja wa Michigan alimpelekea damu ya jogoo. Majibu yakarudi na malaria, saratani, kisukari na magonjwa ya zinaa juu yake. Jogoo masikini! Jarida la Scientific American lilichunguza masanduku hayo na mwaka 1924, mwaka uleule aliokufa Abrams, likatangaza kwamba hayana thamani yoyote. Kibamba cha kusugua kilikuja baadaye kwa wafuasi wake. Aliyeiuza ndoto hii amechukua mashine ya hospitali ya uongo akaibandika kalenda.

Wateja wangu wamecheka sana. Mmoja aliniambia, "Fundi, mimi nirudishe Jumamosi tu nikaweke mkeka upya." Nikamwambia, "Kaka, aliyekitengeneza angekuwa nacho kweli asingekuwa anauza visanduku, angekuwa ameshafilisi kampuni zote za kubeti." Lakini jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliuliza bila kucheka. Alitaja mwaka aliofiwa, akataka kujua kama inawezekana walau kuona. Nilimjibu, "Hapana, mama, humu hamna kitu," na tangu siku ile sikukiweka tena mezani mbele ya watu.

Wapo watakaosema sikuwa na imani, au Kariakoo haina nguvu za ardhi. Hapo ndipo ninapowauliza: kisanduku hiki kifanye nini ndipo mkubali kimeshindwa? Masharti yote yamewekwa upande wa mtumiaji, hakuna hata moja linaloielemea mashine. ADE 651 iliuzwa hivyohivyo Iraq kwa mamilioni ya dola kama kifaa cha kutambua mabomu: antena kwenye mpini, haina betri, eti inapata nguvu kwa askari anayeishika. Kadi iliyosifiwa kwamba ndiyo ubongo wake ilikuwa na kile kibati cha kuzuia wizi madukani tu. Muuzaji wake, James McCormick, alifungwa miaka 10 Uingereza mwaka 2013, na kwenye vizuizi vya Baghdad magari yenye mabomu yalikuwa yameshapita.

Linganisha na watu waliocheza na wakati kweli. Oktoba 1971 wanasayansi Joseph Hafele na Richard Keating walipakia saa nne za atomiki, zile sahihi kupita zote, kwenye ndege za kawaida za abiria, zikakatiwa tiketi kwa jina la "Mr. Clock", wakazunguka nazo dunia kwenda mashariki, kisha magharibi. Hesabu za Einstein, zinazosema mwendo na kimo hubadilisha kasi ya saa, zilikuwa zimeshatoa namba ambayo saa zingeweza kuikataa mbele ya kila mtu. Waliporudi, safari ya mashariki ilikuwa imeziacha nyuma ya saa za Washington kwa nanosekunde 59 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), ya magharibi ikaziacha mbele kwa 273 hivi, karibu kabisa na ilivyotabiriwa. Setilaiti za GPS zinarekebishiwa saa zake kwa sababu hiyohiyo, maana huko juu zinakimbia mbele ya zetu kwa takriban mikrosekunde 38 (sehemu 38 za milioni za sekunde) kila siku. Zisingerekebishwa, ndani ya siku moja bodaboda anayefuata ramani ya simu kwenda Posta angejikuta ameelekezwa kilomita nyingi kando.

Nakipa nyota moja, na ni ya transfoma, ambayo sasa inaendesha redio ya mteja. Ukiletewa kisanduku cha namna hii, usiweke koili mwilini kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na usimruhusu mtoto aichezee ikiwa imewashwa. Nobu ni nzima zote sita, nauza elfu moja moja. Koili nayo ipo, waya wake ni shaba halisi.