Giaboksi ipi ununue kama unaishi milimani: kutoka ya kuaminika hadi ya kuogopa

Mtu akitafuta gari la mkononi hapa Mbeya, huuliza kwanza kama ni namba D au E (herufi ya kibao inayoonyesha lilisajiliwa lini), halafu linakula mafuta kiasi gani. Giaboksi inakuja mwishoni, tena kwa swali fupi: "Ni oto au manuali?" Swali hilo halitoshi. Ndani ya neno "oto" kuna mashine nne zisizofanana. Moja itakupandisha mlima Kitonga miaka na miaka, nyingine itakulaza Isyonje na viazi vyako.

Huku kwetu kinachoua giaboksi ni joto. Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, unapanda kuanzia Igawilo mpaka Isyonje bila kupumua. Ukielekea Chunya, milima ya Kawetere unakutana nayo injini haijapata moto sawasawa. Gari linakwenda taratibu, mzigo umejaa, upepo wa kupooza ni kidogo, oili inachemka. Gari lililokulia Dar halijui shida hiyo, na dalali hatakwambia.

1. Manuali

Ni meno ya chuma yanayoumana ndani ya oili. Hakuna kompyuta wala mkanda. Kinachoisha ni klachi, nayo imeumbwa kuisha, kama tairi. Pleti, presha na beringi vibadilishwe kwa pamoja, kwa sababu kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na hutaki kuishusha mara mbili. Fundi wa kuifanya utampata hata Makambako au Tukuyu. Kwenye mteremko wa Iwambi unashusha gia, injini inalishika gari, breki hazinuki. Ndiyo maana Land Cruiser na Canter za kazi zinazokwenda Makete na Ludewa nyingi ni manuali.

Shida ni kwamba manuali ya mkononi mara nyingi imeshabeba lumbesa nyingi kabla haijafika kwako. Ipime hivi: simamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima mara moja, klachi bado inashika. Ikiendelea kuunguruma, inateleza, na bei inapaswa kushuka. Ukiwa barabarani sikiliza pia gia ya pili. Ikikwaruza wakati wa kuingia, tatizo liko ndani ya giaboksi yenyewe.

2. Oto ya kawaida, hasa ya gia nne

Naiweka ya pili, lakini ndiyo ninayoendesha mwenyewe, maana mji una foleni na goti langu si la juzi. Hapa oili ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, kwa hiyo oili ikiwa safi mashine inadumu sana. Utaikuta kwenye IST ya kwanza (2002 hadi 2007), Probox za kabla ya 2014, X-Trail ya kwanza na Forester za kabla ya 2012.

Kosa letu kubwa ni kuamini maneno ya kwamba oili ya oto haibadilishwi. Kwa milima hii, ibadilishe kila kilomita 40,000 hivi. Nyingi zina kijiti cha kupimia: oili nyekundu angavu ni nzuri, nyeusi yenye harufu ya kuungua, aga uondoke. Ukipanda, zima gia ya nne kwa kitufe cha O/D ili giaboksi isihangaike kati ya tatu na nne. Ukishuka tumia 2 au L. Wale wanaoachia nyutro mteremkoni ili kuokoa mafuta hawaokoi cha maana, wanaziachia tu breki kazi yote.

3. Haibridi za Toyota

Aqua na Prius, magari ya petroli na umeme pamoja, zinaandikwa CVT (oto ya mkanda, iliyo namba 4 hapa chini) kwenye makaratasi, na watu wanazikimbia bure. Ndani hazina mkanda. Zina gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka ya katikati) na mota mbili za umeme, na kwa uimara wa giaboksi peke yake ningeweza kuzipandisha nafasi. Zimeshuka kwa sababu ya betri kubwa. Tundu la kuipooza liko karibu na kiti cha nyuma, na vumbi la barabara za vijijini huliziba.

4. CVT ya mkanda

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Hakuna gia, kuna puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda au mnyororo wa chuma katikati. Ni laini na inabana mafuta, lakini mkanda unashika kwa msuguano tu, na mzigo mlimani ndio adui yake. X-Trail ya petroli iliyotoka 2007, Forester nyingi kuanzia 2012 na Probox kuanzia 2014 zinayo. Hazilingani kwa uimara: Marekani, Nissan yenyewe ililazimika kurefusha dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000.

Shemeji yangu alikuwa na gari la aina hii. Alikuwa anapanda Isyonje na gunia nne, gari likaanza kukosa nguvu. Oili ilikuwa imechemka na kompyuta inapunguza nguvu ili kujilinda. Dawa ilikuwa kusimama na kungoja ipoe. Yeye alilipeleka kwa fundi, akamwagiwa oili nyekundu ya oto ya kawaida. CVT ina oili yake, na ya oto inaufanya mkanda uteleze. Haikumaliza miezi miwili, ikaanza kulia kama nyuki.

Ukiipenda, iwe ya mjini, watu wawili na begi, na oili nunua mwenyewe.

5. Klachi mbili

Usinunue. Hizi hubadili gia zenyewe kwa klachi mbili zinazopokezana. Ziko kwenye Honda Fit na Vezel haibridi za kuanzia 2013 hadi 2020 hivi, ambazo huko Japani Honda iliziita zirudi kurekebishwa zaidi ya mara moja, na kwenye Volkswagen nyingi. Nyingine klachi zake ni kavu, hazipozwi na oili, na kwenye foleni ya kupanda zinasaga kama klachi ya mwanafunzi. Mafundi wenye vifaa vyake ni wachache.

Kabla ya kulipa, likute gari likiwa la baridi. Kwa oto na CVT, weka D (mbele) halafu R (nyuma) ukiwa umekanyaga breki. Likichelewa kuitika au likapiga teke, kuna kitu. Kisha lipandishe Kawetere, watu wanne ndani, ukafike juu na kurudi. Muuzaji akisema twende tu mpaka Kabwe hapo mjini turudi, mwachie gari lake.