Mama wa mchuzi: uzoefu wangu na chupa ya chakula, na duka lililoniuzia

"Hiyo ni picha tu, mama."

Hivyo ndivyo alivyonijibu kijana wa dukani huku akinisukumia katoni niliyokuwa nimemwekea kwenye kaunta. Juu ya katoni ile kuna picha ya chupa ileile ya kutunza chakula kikiwa moto aliyoniuzia, imefunguliwa, imejaa supu, vipande vya karoti vinaelea, mvuke unapanda, na pembeni mtoto ameshika kijiko anacheka. Mimi niliinunua ya kumbebea mwanangu chakula cha mchana shuleni, ikavuja, nikairudisha. Kijana akanieleza, macho makavu, kwamba chupa hii ni ya chakula, si ya mchuzi.

Jamani, hapa ni Kisumu. Anayejua chakula cha Kisumu kisicho na mchuzi anitajie. Ngege, yule samaki wetu wa ziwani, wa kuchemsha? Maharagwe? Dengu? Kuku wa kienyeji? Hata osuga, yaani mboga ya mnavu, tunailaza kwenye maziwa usiku kucha, na yale maziwa ndiyo utamu wenyewe. Labda omena (dagaa) ya kukaanga kavu, lakini kwangu nayo hupitishwa kwenye nyanya na vitunguu, la sivyo haishuki. Sasa chupa ya chakula isiyotaka mchuzi ni ya kubebea nini? Biskuti?

Nirudi nyuma kidogo, maana nisipoeleza mtaona nimewaka bure. Mwanangu yuko Gredi ya 2. Kwa muda mrefu kontena yake ya plastiki ilikuwa inarudi nyumbani ilivyoondoka. Wali umeshikana hadi ukiugonga na kijiko unatoa sauti. Ugali usiulize. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mama, chakula kikipoa kinanuka kontena," na nilipofungua nikainusa, kweli, kinanuka kontena.

Nilihangaika. Chapati iliyokunjwa na yai ndani, ikakatwa vipande vya mviringo, hiyo inaliwa mpaka leo, iwe baridi iwe moto, na aliye na mtoto msumbufu aanzie hapo. Ila iache ipoe kwanza kabla ya kufunika, ukiifunika moto inatoa jasho na kufika shuleni imelowa. Kiazi kitamu anakula. Nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, anachagua mahindi, anaacha maharagwe, kesho yake kinyume. Ndizi ikilaliwa na vitabu inafika nyeusi na hataki hata kuiona. Vipande viwe vidogo, kwa sababu meno ya mbele hana, na kinachohitaji kung'atwa kwa nguvu anampa jirani yake. Lakini mtoto hawezi kuishi kwa chapati na mayai muhula mzima, na baba watoto alishaanza kuuliza mayai yanaenda wapi.

Ndipo nikanunua chupa. Pesa niliyotoa ingeninunulia jogoo wa kienyeji na chenji ikabaki, kwa hiyo si mchezo. Na hapa nitasema kweli ingawa inaniuma: ilifanya kazi ajabu. Asubuhi unaijaza maji yanayochemka, unafunga, unaiacha dakika tano hadi kumi wakati mtoto anavalishwa soksi. Unamwaga maji, unatia chakula kikiwa bado kinatokota, na unajaza hadi karibu na mdomo, maana nafasi tupu ikibaki kubwa chakula kinapoa upesi. Ukitia chakula vuguvugu ndani ya chupa baridi usitarajie muujiza. Mchana anafungua, mvuke unampiga usoni, wenzake wanasogea kuangalia. Alianza kurudi na chupa tupu, kijiko kimelambwa. Osuga, ambayo nyumbani alikuwa anaificha chini ya ugali, akawa ananiuliza Jumapili kama Jumatatu ipo.

Tena si ladha peke yake. Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi ndipo bakteria huzaana mbio, na wali una balaa lake: kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kupikwa, kisha huamka wali ukiachwa vuguvugu. Wali wa saa kumi na mbili asubuhi ndani ya plastiki, darasani, na joto hili la ziwani? Siku hizi nikifikiria nilivyokuwa nashukuru angalau hajaumwa tumbo, naona chupa ilitupa zaidi ya nilicholipia. Siku hizo mtu angeniuliza ningempa nyota tano na kumsindikiza dukani.

Kisha mpira wa kifuniko. Ule mduara mwembamba wa ndani. Muhula haukuwa umeisha, ulianza kulegea, ukawa unatoka na kifuniko mtoto anapofungua, nikawa naurudisha kwa kidole, unakaa, unatoka tena. Siku moja, ilikuwa katikati ya wiki, ngege na mchuzi wake wote walishuka kwenye begi. Kitabu cha Kiswahili. Kitabu cha Hisabati. Sweta. Na kwenye diari mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu: mzazi ahakikishe chakula kimefungwa vizuri. Mimi! Niliyekaza kifuniko kile hadi kiganja kikauma! Begi lililala kwenye kamba nje, na paka wa plotini wote walikesha chini yake. Kitabu cha Hisabati kimekauka lakini ukikifungua kwenye kujumlisha bado kuna samaki.

Kwa hiyo nikaenda dukani. Ni duka la vyombo katikati ya mji, silitaji, wenyewe wanajijua. Sikwenda kutaka pesa, nilitaka mpira tu. Kijana akanionyesha kwanza karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi wala hazibadilishwi. Nikamwambia kuna Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Karatasi ya gundi haiwezi kufuta Katiba. Akasema, "Basi nenda Katiba ikupe chupa nyingine." Nikauliza mpira unauzwa bei gani peke yake. Hawauzi mpira peke yake. Ninunue chupa nyingine. Ndipo nikatoa katoni, ndipo nikaambiwa ni picha tu.

Ningesahau hata hayo. Mtu anachoka, jua kali, wateja wengi. Lakini nilipofika mlangoni nikasikia mwenzake akitoka stoo anauliza, "Mama wa mchuzi ameenda?" Na wakacheka. Mbele ya watu. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya kazini, nina kitambulisho shingoni, na nimekuwa mama wa mchuzi.

Mwanasayansi James Dewar alibuni chupa ya kuta mbili isiyo na hewa katikati mwaka 1892. Zaidi ya miaka 130 imepita, binadamu wanajua kuzuia joto lisitoke, halafu mpira wa shilingi chache unashinda kiwanda kizima, na anayedhalilishwa ni mnunuzi.

Mpira niliupata soko la Jubilee, kwa mzee anayeuza vipuri vya majiko na sufuria za presha. Aliushika ule wa zamani, akaunyoosha, akatikisa kichwa, akachimba ndani ya mkebe wa misumari na mipira hadi akatoa mmoja mweupe wa silikoni. "Nyathina (mwanangu), tia maji, funga, igeuze hapa hapa nione." Nikatia, nikaigeuza, nikaitikisa. Hata tone. Bei yake haifiki nauli ya tuktuk niliyopanda kwenda kugombana. Tangu hapo haijavuja, na ngege amerudi shuleni.

Kwa hiyo naipaje nyota? Chupa yenyewe, nne. Hapana, mpira ni sehemu ya chupa, na ulikufa kabla ya muhula kwisha, basi tatu. Lakini mtoto anakula, na mzazi aliyewahi kumwaga wali mzima kila jioni anajua hilo lina thamani gani, kwa hiyo nne inabaki. Duka, sufuri, na kama kungekuwa na chini ya sufuri ningeshuka. Ukienda, dai watie maji na kuigeuza juu ya kaunta yao kabla hujatoa pesa. Wakikataa, una jibu.

Tatizo ni kwamba nimezunguka, na ukubwa ule sijauona kwingine mjini. Mdogo wake anaingia PP2, darasa la chekechea, mwakani na ameshasema hataki kontena, anataka chupa ya moto kama ya kaka. Nitamtuma wifi akainunue. Mimi mlango ule siuvuki, na wifi nimeshamwambia: akiulizwa ni ya kubebea nini, aseme biskuti.