Begi la mtumba la lita 40: tathmini kutoka Livingstone

Begi ninalolisifu hapa nimelinunua Soko la Karume, Ilala, lile lililoungua Januari 2022 likajengwa tena. Nililipa shilingi 55,000. Ni la mgongoni, kijani iliyopauka, lita 40, nembo imeshabanduka. Nilitoka nalo Tanga Februari baada ya kuacha kazi ya duka la dawa, nikapita Mbeya, nikavuka Kasumulu kuingia Malawi, na sasa nipo Livingstone, Zambia. Nia yangu ni kuzunguka kusini peke yangu kwa mwaka mzima hadi Cape Town. Nawaandikia dada zangu wanaopanga safari ya namna hii.

Ukubwa ndio kila kitu. Mkiwa wawili, mmoja anakwenda msalani na mwenzake anabaki na mizigo. Ukiwa peke yako huna wa kumwambia "niangalizie". Chooni stendi unaingia na begi, dirisha la tiketi unakwenda nalo, nsima, yaani ugali wa huku, unakula likiwa katikati ya miguu. Nimekutana na wasafiri wenye mabegi ya lita 70, wakilazimika kumwamini yeyote aliye karibu kila wanapotaka kujisaidia. Langu nalipakata. Kwenye basi la Lilongwe kwenda Lusaka konda alitaka liingie kwenye buti, nikalipakata, akaniacha. Mpakani Mchinji, abiria wenzangu wakingoja mizigo yao ishushwe ikaguliwe, mimi nilikuwa nimeshagongewa muhuri upande wa Zambia.

Mkanda wa kiunoni ni mpana, una sponji. Ukiukaza juu ya nyonga, mabega yanapumua, hata begi likiwa na kilo nane na jua la Karonga liko utosini. Mkandani kuna vijimfuko viwili vya zipu, navyo navipenda kuliko kitu kingine chochote. Malawi na Zambia zote zinatumia kwacha lakini ni pesa mbili tofauti, kwa hiyo za Malawi niliziweka kulia na za Zambia kushoto. Wanaobadilisha fedha mpakani wana haraka sana, na mwanamke aliye peke yake hapaswi kusimama pale akihesabu noti zilizochanganyika.

Kasoro kubwa ni mvua: halina kava. Kabla sijaondoka, fundi wa maturubai alinishonea moja kwa shilingi 8,000, lenye mpira pembeni. Malawi lilinisaidia kwenye matola, zile pikapu za abiria zisizo na paa, mvua ikitupiga njia nzima. Mtihani wenyewe ulikuwa hapa, maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria. Aprili maji yamejaa, na kwenye daraja la miguu linaloitwa Knife-Edge manyunyu yanakulowesha kama umesimama chini ya bomba. Nilikuwa nimeshaondoka nyumba ya wageni asubuhi, begi liko mgongoni. Kitenge kililowa chepechepe. Ndani ya begi, pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vilikuwa vikavu kabisa. (Chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, tangu 2016 kadi yake inatambulika maisha yote, usikubali kuambiwa imekwisha baada ya miaka 10.)

Linafunguka juu tu, na hilo linachosha. Ukitaka kilicho chini unatoa vyote. Mimi nimefunga nguo kwenye kanga mbili, za juu na za chini. Usiku kanga hizohizo ni shuka, na kwenye hosteli zenye vitanda vya ghorofa ni pazia.

Ukienda kununua la mtumba, kwanza geuza mfuko mkuu nje ndani. Mabegi mengi yana utando wa plastiki kwa ndani, na joto na unyevu wa pwani huuharibu: ukinata kwenye vidole au ukipukutika kama ngozi iliyoungua jua, rudisha, hata kama kwa nje linang'aa. Kisha funga na ufungue zipu zote kwa mkono mmoja. Zangu ni za chapa ya YKK na hazijawahi kukwama. Mwisho livae likiwa na mzigo; muuzaji atakuazima jinzi za kujazia. Nenda asubuhi mabalo yanapofunguliwa, na usiogope bei ya kwanza. Mimi niliambiwa 80,000.