RawTherapee: histogramu inayoonyesha faili ghafi lilivyo

RawTherapee ni programu ya bure ya kuhariri picha, lakini kwa kupima mwangaza inazishinda nyingi za kulipia. Histogramu yake, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwangaza (giza kushoto, weupe kulia), ina kitufe cha kuonyesha data ghafi ya kamera (RAW), kabla ya kusawazisha weupe wala kugusa chochote. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Histogramu ya kwenye kamera hutokana na JPEG, yaani picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera, hivyo inaweza kudai kanzu nyeupe imeungua, yaani imezidiwa na mwanga, ilhali faili ghafi bado lina mikunjo yote ya kitambaa.

Fungua picha, washa histogramu ghafi, tazama ukingo wa kulia. Kama mstari wa kijani umegonga ukuta huo huku nyekundu na bluu zikiwa na nafasi, washa urejeshaji wa sehemu angavu; mara nyingi husaidia. Zikigonga zote tatu hakuna cha kurejesha, na kushusha mwangaza kutageuza weupe kuwa kijivu tu. Kisha rudi kwenye histogramu ya kawaida, washa viashiria vya kuungua, sogeza mwangaza kwa theluthi ya stopu (kipimo cha mwangaza; stopu moja huuongeza maradufu au kuupunguza kwa nusu) kila mara.

Usilazimishe kilima cha histogramu kikae katikati. Picha ya Forodhani usiku lazima ilalie kushoto. Marekebisho ya otomatiki hukosea hapa: hung'arisha giza hadi chembechembe zinatapakaa angani.

Kasoro moja: mwonekano wa kawaida wa histogramu hufinya vivuli pembeni, havisomeki. Badili uwe wa logi (logarithmu).