Port Liner ya Kobe: miezi mitano kwenye treni isiyo na dereva

Siku ya kwanza nilimpigia mama simu ya video nikiwa kiti cha mbele kabisa, nikamgeuzia kamera aone njia inavyotujia. Akatazama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, dereva kakaa wapi?" Nikamwambia hakuna. "Sasa likikataa, utamwambia nani?"

Swali la haki. Humo ndani kuna kifaa cha kuzungumza na watu wa chumba cha uongozaji. Nilikaa Kobe, Japani, miezi mitano kwa masomo, napanda Port Liner karibu kila siku kutoka Sannomiya, kituo cha katikati ya mji, na sikuwahi kukigusa.

Ukisikia "treni isiyo na dereva" unawaza kitu cha juzi. Hii ilianza Februari 1981, imenizidi umri, na hutajwa kuwa njia ya kwanza duniani ya usafiri wa mjini kujiendesha hivi. Kwa hiyo usitegemee maajabu. Ni mabehewa sita mafupi yanayokimbia kwa matairi ya mpira juu ya njia ya zege iliyoinuliwa. Hakuna kelele za chuma kwa chuma. Kuna mvumo, na mtikisiko kidogo kama wa basi kwenye lami yenye viraka. Kilichonivutia zaidi ni kusimama kwake. Jukwaa limezibwa kwa ukuta wenye milango, na treni inafika milango yake ikikutana sawasawa na ya ukuta. Sisi tuliokulia kwenye daladala, tuliozoea kupaza sauti "shusha hapo!" kisha tukashushwa mbele kwa konda anakotaka, tunaliona hilo haraka.

Kiti cha mbele ndicho cha kupigania. Hakuna kibanda cha dereva, kwa hiyo kioo chote ni chako, ukiwahi kabla ya watoto. Unapita katikati ya majengo, kisha ghafla bahari, kando ya daraja jekundu la Kobe Ohashi, halafu makontena na meli, ndiyo unaingia Port Island. Kisiwa hicho ni cha kutengenezwa: milima ya nyuma ya mji ilichongwa, udongo ukamwagwa baharini kuanzia 1966. Lilipopiga tetemeko la 17 Januari 1995, sehemu kubwa ya ardhi yake ilitoa maji na tope, njia ya treni ikaharibika, na huduma haikurudi yote hadi mwisho wa Julai. Nilijua habari hizo kabla sijapanda. Nakiri kwamba wiki za mwanzo, kila tulipovuka maji, nilikuwa nahesabu nguzo.

Sasa jambo la kukuokolea muda. Kuna treni za aina mbili kutoka jukwaa moja: za uwanja wa ndege, na za kuzunguka kisiwa zinazoandikwa Kita Futo. Mimi niliingia iliyokuwa mlangoni tu, nikiwahi kumpokea rafiki uwanjani. Njia zinaachana baada ya kituo cha Shimin Hiroba. Nilikuja kushtuka tumemaliza kuzunguka, daraja lile lile jekundu liko mbele yangu, narudishwa mjini. Kosa langu mwenyewe, kibao kimeandikwa kwa herufi za Kilatini pia. Ukishapanda isiyo yako, shuka Shimin Hiroba usubiri inayofuata.

Nauli niliyokuwa nalipa hadi uwanja wa ndege ni yeni 340, kwa dakika kama 18, na kadi za kugusa kama ICOCA zinakubalika. Asubuhi za siku za kazi sikushauri kubeba sanduku kubwa. Kisiwani kuna vyuo, hospitali na maofisi, wote hao wanapanda wakati mmoja, na mabehewa ni mafupi, nimeshasema. Msongamano wa njia hii unajulikana Kobe nzima.

Rokko Liner, ndugu yake wa 1990 anayekwenda kisiwa cha pili, nilimpanda mara mbili tu. Mandhari ni nzuri lakini sikuwa na shughuli huko.

Kama una safari moja tu, nenda mchana hadi uwanja wa ndege, panda juu paani utazame ndege, ukae hadi giza liingie. Halafu rudi, kiti cha mbele kile kile. Wakati huo mji wote umewaka taa hadi miguuni mwa milima, na treni inaelekea huko huko.